Mwavuli wa Wifi

Machi 2
Mvua imeanza leo bila hodi. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa bado kambani, mimi na wifi tukatoka mbio kuyaanua, yeye anacheka, mimi natukana mawingu. Nimeamua kuandika humu msimu wote. Mvua humfunga dobi ndani, na mimi nikifungwa ndani bila pa kusemea huwa namsema kila mtu.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Marehemu alipozikwa, watu walinong'ona kwamba atafunga virago vyake aondoke, kwa kuwa aliyetuunganisha hayupo. Akabaki. Tunafua pamoja, tunapiga pasi meza moja, yeye anakunja mimi nanyoosha. Na tunalea paka watatu wagonjwa walio chumba cha nyuma. Hao ndio urithi wetu, maana marehemu hakuacha kingine zaidi ya redio mbovu.

Machi 3
Nguo hazikauki.

Machi 5
Mteja mmoja, yule wa duka la dawa, ameniuliza leo kama ugonjwa wa paka wetu unaweza kuingia kwenye makoti yake meupe. Mtu anauza dawa mwenyewe. Nimemweleza kwa mara nyingine tena: ni virusi vya paka kwa paka, vinakula kinga ya mwili wao polepole, mwanadamu havimpati hata akilala nao mto mmoja. Akasema haya, lakini koti alilinusa.

Watatu hao ni Meneja, mwekundu mnene, aliyekuwa akilala kifuani kwa marehemu. Karani, mwembamba, mweusi mwenye kola nyeupe. Na Bibi, ambaye hana jino hata moja lakini makelele anayo. Wana miaka na hivyo virusi na wananawiri, kwa sababu tuna utaratibu wetu. Asubuhi, kabla hujashika kitu chochote cha nje, unaanza na chumba cha nyuma. Mlangoni unavua viatu vyako unavaa kandambili za bluu. Aproni ni ile iliyochemshwa. Kila paka ana bakuli lake. Paka mgeni haingii mle mpaka Daktari ampime damu, kwa virusi vya kinga na kwa virusi vingine vibaya zaidi, vya damu. Daktari alituambia siku ya kwanza kabisa: hawa wenu wamebakiwa na ukuta mmoja, msiwaletee wa kuubomoa. Wifi ndiye aliyenunua zile kandambili, pea mbili, yangu na yake. Marehemu alikuwa akitutania kwamba tunaingia kwa paka kwa heshima kuliko tunavyoingia kwa mama yake.

Machi 9
Wifi ana neno. Nimemjua tu kwa jinsi alivyokunja foronya moja mara tatu. Mchumba wake, Fundi Saa, watakayeoana naye mvua zikiisha, hataki mnyama mgonjwa ndani ya nyumba yake. Na wifi ana paka aliyekuwa akimlisha pale kwenye kibanda cha Fundi, mweupe, mkia wa kijivu, anamwita Malaika. Anashuku Malaika ana virusi vya kinga kama wa kwetu. Akaniuliza kama anaweza kuja kukaa na wenzake.

Nikamwambia kama Daktari amempima kila kitu, karibu. Kama hajampima, bado.

Machi 11
Amempeleka mwenyewe kwa Daktari, mimi nikabaki na rundo la taulo. Amerudi amelowa, kikapu kifuani. Nikamuuliza majibu.

"Ana hivi vya kwetu tu," akasema.

"Na vile vingine?"

"Hana, wifi. Amepimwa mara mbili."

Nikavaa kandambili zangu, nikafungua mlango wa chumba cha nyuma kwa mkono wangu mwenyewe.

Machi 12
Nguo hazikauki. Malaika ni mrembo na analijua hilo.

Machi 19
Malaika hana habari ya utaratibu. Kila bakuli ni lake. Anakula kwa Meneja, anakunywa kwa Bibi, kisha anamlamba Meneja masikio mpaka yanang'aa. Meneja, mzee mzima, anafumba macho kama bwana harusi. Nimecheka mpaka machozi. Wifi alikuwa nyuma yangu, hakucheka sana. Nimedhani ni mawazo ya harusi.

Machi 24
Mvua. Nguo hazikauki. Nimewasha jiko la mkaa chini ya kamba za ndani, nyumba nzima inanuka moshi na sabuni.

Machi 27
Karani anapiga chafya. Bibi naye macho yana tope.

Machi 30
Wote watatu. Bibi hali, anatoa udenda, ulimini ana vidonda. Meneja amejikunja pembeni. Malaika peke yake ndiye mzima, ana chafya kidogo tu. Nilitaka niende kwa Daktari, wifi akaniwahi: wewe una mashuka ya watu, niachie. Akarudi na dawa ya matone na ujumbe kwamba Daktari anasema ni mafua ya paka, yanaletwa na baridi, yatapita.

Namshukuru Mungu kwa wifi huyu. Nimeandika hivyo na ninaacha hivyo.

Aprili 2
Bibi amekufa alasiri, mapajani kwangu, aproni ikiwa bado ina joto la pasi. Kwa mara ya kwanza hakupiga kelele.

Tumemzika nyuma ya karo la kufulia. Wifi amelia kuliko mimi. Alilia mpaka nikaanza kumbembeleza yeye.

Aprili 4
Leo nimegombana na jirani na sijutii.

Jirani yetu wa ukutani ni dereva mstaafu. Tunamwita Baragumu kwa ajili ya kikohozi chake, kinachoamsha mtaa. Ana dume moja la paka, jina lake Jambazi, sikio limeraruka, halina adabu. Asubuhi nimelikuta limekaa kwenye dirisha la chumba cha nyuma, nje ya wavu, linatazamana na Meneja pua kwa pua. Hapo ndipo akili yangu ikafunguka. Nikasema ndiyo, huyu ndiye. Huyu ndiye aliyetuletea maradhi, anatoka kupigana huko alikotoka anakuja kupumulia wagonjwa wangu.

Nikatoka kwenye mvua. Nikamwita Baragumu mpaka akaja mlangoni na fulana yake. Nikamwambia yote. Nikamwambia hana mke, hana mtoto, ana paka mmoja na huyo mmoja kamshinda kumlea. Nikamwambia Bibi amekufa na damu yake iko mikononi mwake. Majirani walichungulia. Baragumu aliniangalia, akaangalia chini, akasema tu, "Pole kwa msiba, jirani," akafunga mlango taratibu.

Wifi alikuwa ametoka na mwavuli. Muda wote nilipokuwa nafoka alisimama pembeni yangu akaniinulia mwavuli, nisilowe. Bega lake moja lote lililowa kwa ajili yangu. Ndugu wa namna hii huokoti njiani.

Aprili 5
Nguo hazikauki. Baragumu hakukohoa leo. Ama amekohoa kwa siri.

Aprili 8
Mafua yamempungua Karani. Meneja bado. Homa inaenda inarudi. Nikimfunua mdomo, fizi ni nyeupe kama foronya ya hoteli. Hilo si la mafua, nimemwambia wifi. Akasema ni udhaifu, hajala, atapata damu akila. Nimemkamulia mchuzi kwa bomba la sindano. Anameza kwa kunihurumia.

Aprili 11
Baragumu amegonga mlango. Nilidhani amekuja kunilipizia, nikashika pasi. Alikuwa na kikapu, ndani yake Jambazi anaunguruma. Amempeleka kwa Daktari kwa miguu, barabara yote imejaa maji. Daktari amempima, virusi vya kinga hana, vya damu hana, na amemchanja papo hapo. Akanionyesha palipochomwa sindano, manyoya yamenyolewa.

"Sikuja kubishana," akasema. "Nimekuja ili ujue si yeye, uendelee kutafuta. Na Daktari kaniuliza kuhusu paka wenu. Kasema uende mwenyewe. Mwenyewe, usitume mtu."

Nimejisikia mdogo kuliko kifungo cha shati. Nilimkaribisha chai, akasema siku nyingine.

Nilipomwambia wifi, aliendelea kukunja. Akasema mafuriko yale nitaenda vipi, nisubiri maji yapungue, yeye ataenda.

Aprili 14
Wifi ameitwa kwa wakwe zake watarajiwa tangu asubuhi. Nimemweka Meneja kwenye kapu la nguo, nikamfunika na taulo, nikaenda.

Naandika haya taratibu, maana nataka niyaone yamekaa sawasawa.

Daktari alimpokea, akamfunua fizi. Akachukua tone la damu, akaliweka kwenye kile kipimo chake cha plastiki, tukangoja. Wakati tunangoja akaniuliza, kwa kupitisha muda tu, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Na yule mweupe mmemtenga chumba gani?"

Nikamjibu hatujamtenga, yuko na wenzake.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema, "Lakini nilimwambia wifi yako."

Nikamuuliza alimwambia nini. Akanieleza polepole, kama anayevuka maji asiyoyajua kina. Malaika alipimwa mara moja tu, Machi, na majibu yalikuwa wazi. Ana virusi vya kinga, na ana vya damu pia. Vyote viwili. Vya damu vinapita kwenye mate, kwenye bakuli, kwenye ulimi wa paka anayemlamba mwenzake. Alimwambia wifi kwa maneno yasiyo na kona: huyu aishi peke yake, na kwa wale wenu asikaribie kabisa. Na siku wifi alipokwenda kuchukua dawa ya mafua, Daktari alimuuliza tena, akajibiwa kwamba Malaika yuko peke yake kwenye bafu la zamani. Mafua yenyewe nayo ni virusi, akasema, na huenda Malaika ndiye aliyeingia nayo. Paka mwenye kinga yake angepiga chafya wiki moja akasahau. Wa kwangu wameyapata mafua juu ya virusi vya kinga, na vya damu vikawakuta humo humo.

Kipimo kikawa tayari. Meneja anavyo vyote viwili.

Nikamuuliza kama atapona. Akasema atajitahidi kumpunguzia maumivu. Daktari akisema hivyo, huna haja ya kuuliza tena.

Nilirudi na kapu kichwani, na njia nzima sikumfikiria Meneja. Nilikuwa nafikiria ule mwavuli. Wifi alisimama pale. Alikuwa anajua. Nilimtukana mtu wa watu mbele ya mtaa mzima kwa kosa lake yeye, na yeye akaniinulia mwavuli ili niendelee kumtukana pakavu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ni dobi, nguo ndiyo kazi yangu, na sikukiona.

Wifi alirudi jioni. Nilikuwa nimekwisha kuwasha mkaa wa pasi. Nikamwambia nimetoka kwa Daktari. Hakuniuliza Daktari kasema nini. Alikaa kwenye stuli yake, akachukua shuka, akaanza kulikunja, nikamnyang'anya.

"Ulijua," nikasema.

"Fundi alikataa asiingie kwake," akasema. "Angekaa wapi? Nje kwenye mvua hii?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningemkataza chumba cha nyuma. Ningemlaza chumbani kwangu, chini ya kitanda changu, na unajua hivyo."

Akalia. Akasema, na neno hili sitalisahau nikifa, "Wifi, nilidhani wao ni wagonjwa tayari. Nilisema mgonjwa kwa mgonjwa, kitaongezeka nini?"

Huyu ndiye aliyenunua kandambili za bluu. Miaka yote alizivaa na kuzivua mlangoni pale, kumbe alikuwa anaona tunalinda maiti. Kwake Meneja alikuwa amekwisha kufa siku aliyopimwa mara ya kwanza, na aliyekwisha kufa hana cha kupoteza. Nikamuuliza, na Baragumu je, naye alikuwa mgonjwa tayari?

Aprili 15
Nguo hazikauki. Nimekunja mwenyewe, nimenyoosha mwenyewe.

Aprili 16
Nimekwenda kwa Baragumu. Nilisimama kwenye mvua bila mwavuli, pale pale nilipomtukania, nikapaza sauti ile ile ili waliosikia siku ile wasikie na leo. Nikasema Jambazi hana kosa na wewe huna kosa, kosa limetoka ndani kwangu. Madirisha yakafunguka. Baragumu akaniomba nisipige kelele, Jambazi amelala.

Chai sasa amekubali.

Aprili 18
Wifi amehamia kwa shangazi yake mpaka siku ya harusi. Amechukua nguo zake, redio mbovu ya kaka yake, na mwavuli. Malaika amemwacha. Alisimama sebuleni akasema atakuja kumchukua akipata pa kumweka. Wote wawili tulijua hapatapatikana.

Mtu ananiletea moto ndani, nyumba ikishika anatoka, moto ananiachia niulee.

Aprili 21
Daktari amekuja mwenyewe, amekunja suruali hadi magotini. Amempima Karani. Vyote viwili. Atampima tena baadaye, maana paka wachache mwili hushinda vile vya damu, ila kwa kinga ya Karani hakunipa matumaini.

Nikamuuliza nimfanye nini Malaika. Swali lilitoka na sumu, alilisikia. Akasema Karani na Malaika sasa wana kitu kile kile, wanaweza kukaa pamoja, ila nisiwaletee kijidudu kingine chochote kutoka nje. Utaratibu uendelee kama ulivyokuwa.

Alipoondoka nikamchukua Malaika kwa shingo hadi mlango wa nje. Nasema ukweli. Mvua ilikuwa inamwagika. Nikamweka kizingitini. Hakukimbia. Akanusa hewa, akageuka, akajipitisha kwenye mguu wangu, akarudi ndani kama mwenye nyumba. Nikakaa chini pale mlangoni nikalia vibaya, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Bibi. Huyu hajui alichobeba. Aliyejua alikuwa mwingine.

Aprili 24
Meneja amekula dagaa wawili. Nimejidanganya siku nzima.

Aprili 25
Amewatapika.

Aprili 28
Baragumu anakuja asubuhi kunisaidia kushika Meneja nikimpa dawa. Ana mikono ya usukani, mizito, lakini Meneja anamtulia. Siku ya kwanza aliingia na viatu, nikamfokea, akatoka nje, akasoma mlango wote na fremu yake kama anatafuta kibao cha sheria. Nikampa kandambili za wifi. Kisigino kinaning'inia nje. Ukanda umekatika, ameufunga na waya. Kabla ya kuja kwangu hamgusi Jambazi, anasema anampungia tu mkono.

Mei 3
Meneja amekufa asubuhi hii.

Nilikuwa nimelala sakafuni naye. Kulipopambazuka alinyanyuka, kitu ambacho hakukifanya kwa siku kadhaa, akaja akapanda kifuani kwangu. Mahali pale hajawahi kulala, palikuwa pa marehemu. Alikuwa mwepesi kama soksi. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Akapumua, akapumua, akaacha.

Baragumu amechimba. Malaika alikaa dirishani akatutazama kupitia wavu, Karani ubavuni mwake. Nilipokuwa mjane mara ya kwanza wifi alinishika mkono wa kulia. Leo mkono huo nilikuwa nimeshika jembe.

Mei 4
Nguo hazikauki.

Mei 9
Harusi imepita. Sikualikwa na nilifua shuka za ukumbi. Zimetoka safi, mimi kazi yangu naijua.

Mei 17
Jua, nusu siku. Karani anaota jua dirishani, Malaika amemwekea mguu mgongoni. Daktari anasema wanaweza kwenda mwaka, wanaweza kwenda zaidi, wanaweza wasimalize mwezi. Nimemwambia hata mimi.

Mei 22
Anga jeupe tangu alfajiri. Nimetandaza kila kitu, kamba zote nne, mpaka juu ya ukuta wa Baragumu.

Wifi amekuja. Amenenepa kidogo, ana kitenge kipya. Alipita uani bila kuniangalia moja kwa moja, akaenda hadi mlango wa chumba cha nyuma, na pale, kwa mazoea ya miaka, akavua viatu vyake vizuri, akanyoosha mguu kutafuta kandambili. Ukamgonga waya. Akatazama chini.

"Hizo zina mwenyewe," nikamwambia. "Ni za Baragumu."

Akabaki peku kwenye sementi. Sikumfukuza. Nilimletea kile kistuli chake cha kukunjia nguo, akakaa nje ya mlango, Malaika akaja akamsugulia shavu kwenye wavu wa mlango. Karani hakuja. Akauliza Meneja yuko wapi, nikamwonyesha kwa kidole, nyuma ya karo. Alipatazama. Kisha akasema maisha yake hayana raha, Fundi ni mtu mzuri lakini nyumba ni kimya, na kila akikunja nguo ananikumbuka. Akasema alikosa. Alilisema vizuri, bila kujitetea, nami nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu Aprili.

"Nisamehe, wifi," akasema. "Kwa ajili ya kaka yangu."

Nikamwambia kwa habari ya paka nimekwisha kumsamehe. Alikuwa na mnyama anayempenda na hana pa kumweka, na mtu akibanwa hivyo akili humruka. Hilo nalielewa, hata mimi ningeweza kuangukia humo.

"Lakini siku ile uliniinulia mwavuli," nikasema. "Hilo siwezi."

Alinyanyuka kwenye kistuli. Akavaa viatu vyake. Getini alikutana na Baragumu anaingia, akamsalimia shikamoo, akapita haraka. Baragumu akamjibu marahaba, akaniangalia. Akavua viatu, akaingiza miguu yake mikubwa kwenye zile kandambili, akaenda kuwapa dawa.

Mimi nikaenda kuanua. Nguo zilikuwa zimekauka zote, na shuka ni kazi ya watu wawili, kwa hiyo nikamsubiri atoke.